Sikio la Jirani Dhahabu

Tegeni masikio, wenzangu, ilimradi yawe yenu na mmekwisha kuyalipia. Palikuwa na nchi. Jina lake ningelitaja bila haya, ila kuna bwana mmoja amelisajili kuwa alama ya biashara yake, na kila anayelitamka hukatwa salio. Tuiite basi nchi ile, na anayeishi humo atajijua mwenyewe.

Nchi ile ilisifika kwa amani, na amani yenyewe ilitunzwa kwa desturi moja: Wimbo wa Taifa ukianza, kila mtu husimama, mkono kifuani, na haketi mpaka uishe. Desturi haikuuliza una jipu wala una mimba. Fundi cherehani mmoja alikalia kigoda katikati ya ubeti kwa sababu mguu ulimkaza mshipa. Walimchukua, wakamtunza huko walikomtunza, na aliporudi hakupenda tena kuketi, hata harusini. Zaidi ya hayo, katiba ilisema Wimbo ni mkubwa kuliko sheria zote, na lolote linaloamriwa ndani yake litiiwe papo hapo. Ubeti wa pili uliposema "inueni mikono", mikono iliinuliwa, hata ya aliyeshika sufuria la uji.

Katika nchi ile aliishi Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa mwita mizani katika ghala la korosho. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani na kuutangaza uzito wa kila gunia kwa sauti inayomfikia mkulima wa mwisho kwenye foleni, ili asije akasema hakusikia alivyopunjwa. Ghala lilifilisika wiki ileile meneja wake alipohamia ghorofani, nalo likawaaga wafanyakazi kwa shukrani na fulana. Fulana ya Bi Sikudhani ilimbana. Alichobaki nacho ni sauti, na sauti ilikuwa ya kutosha.

Mumewe, Mzee Haruni, alikuwa mtu wa kusoma. Huyo alisoma hata gazeti lililofungia maandazi kabla hajala andazi. Kisha presha ya macho ikamfungia madirisha, la kulia kwanza, la kushoto likafuata, na miguu ikaona afadhali istaafu pamoja na wenzake. Akawa anashinda kwenye kiti chake cha plastiki uani, hasemi.

"Nikupe nini, bwana wee?" mkewe alimuuliza siku moja. "Chai hutaki, redio hutaki."

"Redio inanisomea hotuba. Nisomee wewe, Siku. Chochote kilichoandikwa na mtu aliyekufa. Wafu hawaombi kura."

Siku hizo Maktaba ya Taifa ilikuwa inabomolewa kupisha maegesho ya magari ya Waziri, na vitabu vilikuwa vimemwagwa nje kama maganda ya mihogo. Bi Sikudhani aliokota beseni zima. Vilikuwa vya waandishi wa kale, na sheria ya wakati huo ilisema wazi: kitabu ambacho wajukuu wa mwandishi wake wameota mvi ni mali ya watu wote, kama njia na kama kivuli.

Akamsomea. Sauti ya ghala la korosho haikujua kunong'ona, kwa hiyo mtaa mzima ukasomewa. Watu wakaanza kuja na mikeka. Ndipo jirani yake, Bi Tabu, mwanamke muuza vocha mwenye ulimi wa wembe, alipomwambia, "Bi Siku, mwanangu yuko mgodini huko, analala na kelele za mashine. Isome hiyo ndani ya simu nimtumie."

Wakajaribu. Nyumba ya bati hudundisha sauti, kisomo kikatoka kama kimesomewa ndani ya debe. Bi Tabu akatafakari, kisha akafungua kabati la nguo, akamsukumia mwenzake humo katikati ya kanga, akamfungia na tochi na simu. Kanga zikameza mwangwi. Sauti ikatoka laini, ina harufu ya udi.

Hivyo ndivyo kilivyoanza kikundi cha Sikio la Jirani. Ikapatikana tovuti ya wazi, wakaingia wasomaji wa kila pembe ya nchi: mkunga, fundi baiskeli, askari mstaafu aliyesoma mashairi ya mapenzi kwa sauti ya kwata. Kila mtu alisomea kabatini kwake, na maisha ya nje yakaingia humohumo: mtoto analia, kikaango kinachacharika. Kwa Bi Sikudhani aliingia jogoo. Jogoo huyo aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alipiga kelele kabla hajaona kitu.

Na kila kisomo kilianza kwa maneno yaleyale, ambayo Mzee Haruni aliyatunga mwenyewe kitini pake:

"Hiki ni kisomo cha Sikio la Jirani. Ni mali ya kila mwenye masikio. Ukiuziwa, umeibiwa."

Walisoma vyote. Hata Wimbo wa Taifa Bi Sikudhani aliughani wote, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, maana mtunzi wake naye alikufa zamani, inasemekana kwa njaa, akisubiri zawadi yake ya ushindi. Serikali yenyewe ilikuwa ikiimba beti mbili tu. Zilizobaki iliziita viambatanisho.

*

Asubuhi moja mlango wa kabati ulipigwa ngumi.

"Hodi humo!"

"Nimefika kwenye msiba, Bi Tabu. Subiri tuzike."

"Wakuzike wewe! Toka. Nimekununua."

Bi Sikudhani akatoa kichwa katikati ya kanga. "Umeninunua vipi?"

"Kwa hela yangu ya vocha, ndivyo vipi!" Bi Tabu akamsukumia simu usoni. Palikuwa na picha ya sikio limevaa hereni ya dhahabu, na chini yake maandishi: SIKIO LA JIRANI DHAHABU. "Nimetafuta jina letu, limekuja hili, linang'aa. Likaniambia nilipie. Nikasema labda Bi Siku kapata shida, kaona haya kusema. Nikalipa bei ya kilo ya sukari. Nafungua, nani anasoma? Wewe! Nani anawika? Mheshimiwa! Nani anapiga kelele nyuma, 'Bi Sikudhani, maji yametoka'? Mimi! Nimejinunua mwenyewe, shoga yangu, na sijashuka hata bei."

"Na maneno ya mwanzo? Wameyakata?"

"Wayakate, kwani wameyasikia? Yamo! Nalipa, halafu unaniambia nimeibiwa. Nikasema ahsante, nimeona."

Mzee Haruni alicheka kitini mpaka mbavu zikamuuma. "Siku," alisema, "mwizi anayeiba mbwa pamoja na mlio wake si mwizi mdogo. Huyo ana mtu mkubwa."

*

Ofisi za Sikio la Jirani Dhahabu zilikuwa na zulia, na baridi ya mashine iliyomfanya mgeni ajione mzoga. Mwenyewe aliitwa Bwana Jofrei Mtelezo, kijana wa suti ya kubana na soksi za kutoonekana. Alimpokea Bi Sikudhani kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Karibu sana kwenye familia."

"Familia ina mjomba gani anayeuza watoto wa watu? Sauti zile ni zetu, baba. Tumezitoa bure."

"Hapo ndipo mlipokosea," alisema Bwana Mtelezo kwa huruma ya kweli. "Bure inamchanganya mwananchi. Anajiuliza, kwa nini bure? Kuna nini? Anakosa usingizi. Sisi tumemwondolea wasiwasi. Hatuuzi kitabu, mama. Tunauza utulivu wa moyo wa mtu aliyelipa."

"Na jina letu?"

"Jina mliliacha nje bila uzio. Mimi nimelisajili. Kama mtoto wa mtaani: ukimwokota ukampa hifadhi, wanakuita mwizi?"

"Na hiyo dhahabu ni nini?"

"Hereni."

Bi Sikudhani alimtazama sana. "Umewahi kusikiliza hata kisomo kimoja, baba?"

Bwana Mtelezo akacheka kama aliyetaniwa na bibi yake. "Mimi? Mama, mimi ni mtu wa mikutano."

Akamsindikiza hadi mlangoni, akampa fulana. Nayo ilimbana.

*

Mwananchi wa nchi ile akiibiwa hushauriwa kwenda kushitaki, ili serikali imjue. Bi Sikudhani akaenda kwenye Wizara ya Masikio na Maendeleo ya Usikivu, akaeleza yake. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa kiti, wakampa maji, na walipokwisha kuandika wakampa hati ya mashitaka. Alikuwa ameshitakiwa yeye, kwa kujifananisha na Sikio la Jirani Dhahabu bila kibali.

Shauri likasikilizwa mbele ya Baraza la Umiliki. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Sefania Kibubu, ambaye pia ndiye aliyekuwa mlalamikaji, na kwa kuokoa muda akakubali kuwa shahidi. Vilivyoletwa kuwa vielelezo ni kabati la nguo, lililobebwa na polisi wanaotokwa jasho kana kwamba ni jeneza la kigogo, na jogoo, aliyeletwa na pingu. Pingu zilimponyoka mara kwa mara, ikabidi askari amshike mkononi.

"Mama," alianza Waziri, "unakiri kwamba sauti yako inafanana na sauti iliyomo ndani ya programu ya mwekezaji?"

"Inafanana kwa kuwa ndiyo, Mheshimiwa."

"Andikeni: amekiri."

"Sauti ni yangu. Nilisomea kwenye kabati hilo mnaloliegemea."

Bwana Mtelezo akasimama. Alieleza kwamba visomo vyote vilirekodiwa katika studio ya kisasa nje ya nchi, kwa gharama ambazo kwa sababu za kizalendo hapendi kuzitaja.

"Vichezwe," akaamuru Waziri.

Vikachezwa, kuanzia katikati. Kwanza zikasikika kanga zikichakarika. Kisha Mheshimiwa akawika ndani ya simu, na Mheshimiwa wa pingu akamjibu kutoka mkononi mwa askari, kwa hasira, kama aliyekuta mwanamume mwingine uani kwake.

"Huyo jogoo wa ndani ya simu ni wa nje ya nchi?" Bi Sikudhani akauliza.

"Ni ala ya muziki," alisema Bwana Mtelezo.

Kisomo kikaendelea, na katikati ya sentensi tamu kabisa ikaingia sauti ya wembe: "Bi Sikudhani! Maji yametoka! Leta ndoo kabla hawajayafunga!"

Baraza likageuka kumtazama Bwana Mtelezo. Hakutikisika. "Huyo ni mwigizaji wetu. Tulitaka kuwapa wasikilizaji hali halisi ya maisha."

"Anamwita nani?"

"Mhusika."

"Mhusika anaitwa Sikudhani?"

"Ni jina la kubuni," alisema Bwana Mtelezo, "na kufanana kwake na mtu yeyote aliye hai ni kosa la huyo mtu."

Bi Tabu, aliyekuwa nyuma ya ukumbi, alipaaza sauti kuuliza malipo yake ya uigizaji atayachukua dirisha gani. Akatolewa nje.

Bi Sikudhani akaona hapa atumie karata ya mwisho. "Mheshimiwa, chezeni mwanzo. Maneno ya mwanzo yanasema yote."

Wakarudisha mwanzo. Sauti yake ya ghala la korosho ikajaza ukumbi: "Hiki ni kisomo cha Sikio la Jirani. Ni mali ya kila mwenye masikio. Ukiuziwa, umeibiwa."

Bwana Mtelezo mwenyewe ilionekana ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia. Alipepesa macho kama mtu aliyepigwa picha. Waziri alivuta pumzi ndefu. Kisha uso wake ukang'aa.

"Mmesikia?" alisema. "Mwekezaji wa watu, kwa moyo wake, ametoa tahadhari. Anawaonya wateja wake juu ya wezi. Na mwizi ndiye huyu amesimama mbele yetu, na sauti ya kuigiza!"

Makofi yakapigwa. Hata askari alipiga, na jogoo akaanguka.

Hukumu ikatoka palepale, kwani ilikuwa imepigwa chapa tangu juzi yake. Tovuti ifungwe. Kabati na jogoo vitaifishwe. Na kwa kuwa Bwana Mtelezo alikuwa amesajili kila kilichokuwa ndani ya tovuti ile, ikatolewa Amri: ni marufuku kwa mtu yeyote, awe nani, kusoma, kughani, kuimba au kuvumisha kwa mdomo jambo lolote lililo mali ya Sikio la Jirani Dhahabu, pasipo kulipia. Polisi watakamata bila kujali cheo. Maneno hayo ya cheo yaliongezwa na Waziri mwenyewe, kwa kuwa yalipendeza kwenye vyombo vya habari.

Bi Sikudhani naye ataletwa uwanjani Siku ya Masikio, sikukuu ya Wizara, ale kiapo mbele ya taifa kwamba hatasoma tena kwa sauti, maisha yake yote.

*

Alirudi nyumbani, akakuta pale lilipokuwa kabati pamebaki alama nne sakafuni. Mzee Haruni alikuwa uani.

"Wamekufanya nini?"

"Wamenichukulia sauti, bwana wee."

"Si unaisema sasa hivi?"

"Kusema naruhusiwa. Kusoma ndiyo hapana. Nikikusomea mstari mmoja wananichukua na mimi, ubaki na nani wa kukunywesha uji?"

Mzee alinyoosha mkono akatafuta kitabu kwenye beseni, akakipapasa jalada kama mtu anayempapasa mtoto homa. "Tuliishia wapi?"

"Msafiri amefika mtoni. Hajui kuogelea."

"Basi ndiyo yuko hapohapo." Akakirudisha kitabu. "Masikini. Atapoa na maji."

Hakusema tena siku ile, wala iliyofuata. Uji alikunywa, ila alikunywa kama anayetimiza wajibu kwa jirani. Bi Sikudhani alipunjwa na mizani, akapunjwa na ghala, akapunjwa na Baraza, na yote hayo aliyapokea akicheka, kwa sababu mnyonge akilia mbele ya wakubwa humtoza na machozi. Lakini kimya cha kile kiti cha plastiki kilimshinda.

*

Siku ya Masikio ikafika. Uwanja ukafurika, kwani watumishi waliambiwa kuhudhuria ni hiari na majina yataitwa. Jukwaani walipangwa wakubwa wote kwa mpangilio wa vitambi. Katikati yao aliketi Mtukufu Kiongozi, mzee mnene mwenye magoti yaliyokuwa siri ya serikali. Chini, mbele ya jukwaa, akasimamishwa Bi Sikudhani, na pembeni yake Mzee Haruni kwenye kiti chake cha plastiki, aliyebebwa na Bi Tabu na fundi baiskeli. Afisa itifaki alitaka kumwinua. Akaonyeshwa miguu, akaghairi.

Bendi ya taifa haikuwapo. Ilikuwa imestaafishwa, na matarumbeta yake yameuzwa chuma chakavu, kwa kuwa Waziri alikuwa ametia saini mkataba: tangu siku hiyo Wimbo wa Taifa utapigwa kutoka kwenye Sikio la Jirani Dhahabu, ili nchi iende na wakati.

"Mabibi na mabwana," alisema Waziri, "taifa linalolipia uzalendo wake ni taifa linalojiheshimu! Tusimame kwa ajili ya Wimbo!"

Taifa likasimama. Mtukufu Kiongozi aliinuliwa na wasaidizi kwa utaratibu wa kreni. Mikono ikaenda vifuani. Bwana Mtelezo akabonyeza simu yake, akayaruka maneno ya mwanzo, na sauti ya Bi Sikudhani, ya kabatini, ikatanda juu ya uwanja:

*Nchi yetu ya asali, ni mzinga wa mababu,*
*Na nyuki wake ni sisi, twachuma bila...*

Ikakatika. Ikaingia sauti nyingine, ya msichana mchangamfu: "Kuendelea kusikiliza uzalendo huu, tafadhali lipia Kifurushi cha Dhahabu!"

Upepo ukapita. Bendera ikajipiga mlingotini. Hakuna aliyethubutu kuketi. Wimbo ulikuwa umeanza, na Wimbo haukuwa umeisha.

"Lipa," alinong'ona Waziri.

"Nalipaje?" alinong'ona Bwana Mtelezo. "Malipo yanakuja kwangu mwenyewe, simu inakataa."

"Basi fungua bure."

"Bure?" Bwana Mtelezo aliliangalia neno hilo kama nzi kwenye supu. "Haina hiyo sehemu, Mheshimiwa."

"Mpigie aliyeitengeneza!"

"Hapokei. Hajalipwa."

Wakamtazama Mhasibu Mkuu wa Serikali. Mhasibu, mkono kifuani, akaeleza kwa masikitiko kwamba hati za malipo huidhinishwa na afisa akiwa mezani kwake, ameketi. Waraka ndivyo unavyosema. Hapo Waziri Kibubu, jasho likimchuruzika, akaona aokoe taifa kwa mdomo wake. Akaanza kuvumisha ubeti uliokatika. Hakufika mbali. Inspekta wa polisi, kijana mpya mwenye bidii, alimkamata ukosi.

"Unavumisha mali ya watu pasipo kulipia, Mheshimiwa."

"Mimi ni Waziri!"

"Amri inasema bila kujali cheo, Mheshimiwa. Nimeikariri."

Jua likapanda. Wakubwa wakaanza kuyumba kama migomba. Balozi wa nchi ya kirafiki alizimia akiwa wima, akashikiliwa na wenzake kwa adabu. Magoti ya Mtukufu Kiongozi yakaacha kuwa siri. Katika uwanja mzima, mtu mmoja tu alikuwa ameketi.

"Siku," aliita Mzee Haruni kwa sauti ya kusikika, "mbona kumetulia? Wamekufa?"

"Wamesimama, bwana wee."

"Wote?"

"Mpaka mkubwa wao."

"Hebu niambie, nani kaketi?"

"Wewe peke yako."

"Aaa," alisema Mzee Haruni, akajinyoosha. "Kumbe leo ni siku nzuri."

Mtukufu Kiongozi aliinamisha shingo, kwani kilichobaki cha kuinama kilikuwa shingo tu. "Mama," aliita. "Wewe mwenye sauti. Malizia Wimbo."

"Nitakamatwa, Mtukufu. Nina mume wa kunywesha uji."

"Nakuamuru!"

"Na Amri inanikataza. Sasa mimi mtu wa korosho nitajuaje amri ipi nzito? Zileteni kwenye mizani."

Bi Tabu alicheka kwa kwikwi. Watu wa nyuma wakaanza kucheka bila kufungua midomo, kama walivyozoea.

"Unataka nini?" alilia Mtukufu. "Nyumba? Cheo? Nikufanye balozi?"

"Nataka kabati langu, na jogoo. Na hiyo karatasi ya Amri ichanwe, ili jioni nimwambie mume wangu kama msafiri alivuka mto au hakuvuka."

Waziri akajaribu kusema, akiwa bado ameshikwa ukosi, kwamba Amri haiwezi kufutwa mpaka Baraza likae. Hakuna aliyemjibu, hilo la kukaa liliwauma wote. Mtukufu Kiongozi alimpokonya Waziri ile karatasi iliyokuwa mfukoni, akaichana, akaichana tena, vipande akavirusha. Inspekta akaangalia vipande, akafikiri, akamwachia Waziri ukosi.

"Haya, mama, haraka! Ubeti na nusu tu!"

Bi Sikudhani akakohoa. Akaomba maji, akayanywa taratibu. Kisha akasema, "Kisomo cha Sikio la Jirani hakianzii katikati, Mtukufu."

"Kweli," aliunga mkono Mzee Haruni. "Na mimi pale mwanzo sikusikia vizuri."

Akaanza mwanzo kabisa. Taifa zima, mkono kifuani, likasikia kutoka mdomo wenye uhai: "Hiki ni kisomo cha Sikio la Jirani. Ni mali ya kila mwenye masikio. Ukiuziwa, umeibiwa." Bwana Mtelezo, aliyesimama chini ya bendera asiweze kwenda popote, aliyapokea maneno hayo wima, kama mtu anayesomewa wasifu.

Akaghani ubeti wa kwanza. Akaghani wa pili. Mikono ikainuliwa, ikashushwa. Wakubwa wakaanza kutafuta viti kwa matako.

Hakunyamaza. Akaingia wa tatu.

"Zimeisha!" alipiga kelele Waziri.

"Hazijaisha, Mheshimiwa. Hivi ndivyo viambatanisho."

Zikaja beti zote, zile ambazo nchi haikuwa imezisikia tangu mtunzi alipozikwa: ubeti wa mashamba, ubeti wa visima, ubeti wa wajane wa vita. Watu wa uwanjani waliacha kucheka. Wengine walikuwa wakilia, mkono ungali kifuani. Na mwisho kabisa, kwa ile sauti ya kumfikia mkulima wa mwisho kwenye foleni:

*Siku ya kula asali, meza iwe hadharani,*
*Asiketi mwenye cheo, hadi akae wa chini.*

Wimbo uliisha. Jukwaani matako yalikuwa yameshashuka nusu ya safari. Lakini inspekta aliyekariri Amri alikuwa ameikariri na katiba: lililoamriwa ndani ya Wimbo hutiiwa papo hapo. Akapiga saluti. "Samahani, waheshimiwa. Mmeusikia. Mpaka wakae wa chini."

Wakubwa wote wakageuka kuwatazama watu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile waliwatazama kwa kusihi. Uwanja haukuwa na kiti hata kimoja cha wananchi, bajeti haikuruhusu.

"Kaeni!" aliomba Mtukufu Kiongozi. "Kaeni, ndugu zangu, nawaomba!"

Watu wakaangaliana. Bi Tabu alikuwa wa kwanza. Alifungua kanga yake, akaikung'uta bila haraka, akaitandika nyasini, akaipapasa kama ina mwiba, akaigeuza upande wa pili. Fundi baiskeli akasema anapenda kivuli, akaenda kukitafuta. Mama mmoja alisema hawezi kukaa kabla mtoto hajamaliza kunyonya. Na wote waliobaki nao wakakumbuka kila mmoja alichokuwa amesahau.

Bi Sikudhani alikaa chini, miguuni pa mumewe, akatoa kitabu kwenye mkoba.

"Tuliishia mtoni," alisema Mzee Haruni.

"Mtoni," alisema mkewe, akafungua ukurasa.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, nimekupa mkono kwa mkono. Naambiwa Bwana Mtelezo, miguu ilipopoa tu, alitoa Kifurushi cha Almasi chenye kisomo cha siku ile uwanjani, maneno ya mwanzo yakiwa humohumo, na kinanunuliwa sana. Kwa hiyo ukiikuta na hii mahali inang'aa, imevaa hereni, inaomba bei ya kilo ya sukari, usinitafute mimi. Kanunue sukari.